Deki Yenye Ghala Ndani: Uliza Kwanza, Nunua Baadaye



Mwezi uliopita, baada ya ibada yetu ya akina mama, dada mmoja alinivuta kando mlangoni pa kanisa. Zamu yake ya upatu ilikuwa imewadia. Dukani alikuwa ameonyeshwa king'amuzi chenye diski ndani, kinachonasa vipindi vya televisheni na kuvitunza bila kanda wala flashi. Muuzaji alimwambia, "Mama, hiki kinahifadhi kila kitu. Hutapitwa tena." Yule dada akaniuliza, "Mama, wewe unacho nyumbani. Ninunue?"

Sikumjibu palepale. Swali lake liligusa mahali ambapo bado panauma, nikamwomba anipe muda nimjibu kwa maandishi ili wengine pia wafaidike. Basi mdogo wangu, jibu lako ni hili.

KWA NINI NILIKITAKA

Kazi ya uuguzi haijui saa ya kula wala saa ya habari. Wiki ya zamu ya usiku natoka nyumbani jioni watoto wakiwa wanaoga, narudi asubuhi wameshakwenda shule. Mahubiri ya Jumapili yalinipita, taarifa ya habari ilinipita, na vipindi vya afya ambavyo wagonjwa huniuliza habari zake nilivisikia kwa jirani. Tena usiku niliokuwepo nyumbani palikuwa na vita ndogo kila inapofika saa mbili. Baba anataka habari, watoto wanataka tamthilia yao, na ugali unapoa mezani hakuna anayeuangalia.

Nilipoona mashine inayoweza kunasa habari na tamthilia, kisha sisi tukatazama baada ya kula na kusali, nilishukuru Mungu. Na sitaki kuificha kweli: kwa jambo hilo imenisaidia sana. Nyumba yetu sasa inakula kwanza. Televisheni ndiyo inayotusubiri.

Akina mama wa rika langu tunazikumbuka deki za zamani. Mfumo wa VHS ulitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, na hapa Tanzania Bara, kabla vituo vya televisheni havijaanza mwaka 1994, nyumba iliyokuwa na televisheni ilikuwa nayo hasa kwa ajili ya deki. Tulijazana sebuleni kwa watu kutazama kanda. Ile kanda ya kawaida ilibeba dakika 180, na aliyetaka kunasa kitu kipya alifuta cha zamani. Ni harusi ngapi zilizopotea kwa sababu mtoto wa nyumba alinasa mpira juu yake!

Mwaka 1999 huko Marekani zikaanza kuuzwa mashine za TiVo na ReplayTV, ambazo ziliacha kanda na kutumia diski ngumu kama ile ya kompyuta. Kwetu mlango ulifunguka zaidi baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012. Nyumba nyingi zikalazimika kuwa na king'amuzi, na baadhi ya ving'amuzi hivyo vikaja na uwezo wa kunasa.

KILICHOTUPATA

Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, aliimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wao kijijini tangu usichana wake. Mwaka mmoja watu wa televisheni walifika kurekodi kwaya za vijijini. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na baadaye alihojiwa, akaeleza jinsi walivyokuwa wakitembea kwa miguu kwenda mazoezini na kurudi gizani. Siku kipindi kilipotoka tulijaa sebuleni. Mume wangu aliweka mashine inase, akasema, "Mama sasa yumo ndani ya nyumba." Hatukufanya nakala. Kwa nini tufanye? Kipindi kilikuwa kimehifadhiwa, jina lake tuliliona katika orodha kila tulipofungua.

Miaka mitatu baadaye mama aliugua, nasi tukamzika. Siku ya arobaini, ndugu wote walipokuwa wamekusanyika, shemeji yangu mkubwa akasema, "Tumsikie mama." Mume wangu akashika rimoti. Jina la kipindi lilikuwepo. Akabonyeza, kioo kikawa cheusi. Akabonyeza tena. Ndani ya mashine tukasikia mlio mdogo, kwa, kwa, kwa, kama mtu anayegonga mlango kwa kucha.

Fundi wa kwanza alisema diski imekufa. Fundi wa pili aliifungua akaipeleka kwenye kompyuta, akapata vipande vichache, lakini vilikuwa vimefungwa kwa ufunguo wa siri ambao ni ile mashine peke yake iliyoujua. Alitushauri tuweke diski mpya na tuanze upya. Mume wangu si mtu wa kulia hovyo. Alimshukuru fundi, akalipa, na njia nzima hakusema neno.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza, mama mwenzangu, na ndilo jambo moja ninalotaka ulishike hata kama utasahau mengine yote. Ghala lililo ndani ya mashine ya kunasa vipindi ni rafu ya jikoni: unaweka unga wa wiki hii, unapika, unaweka mwingine. Ukilifanya sanduku la hazina, siku moja utalia.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Yafaa ujue kwa nini. Ndani ya diski ngumu mna sahani nyembamba zinazozunguka, katika mashine nyingi za aina hii mara 5,400 hivi kwa dakika. Juu yake kuna kichwa kidogo kinachoandika na kusoma, nacho huelea karibu mno na sahani bila kuigusa. Mashine ikitikiswa au umeme ukikatika ghafla, kichwa hicho chaweza kukwaruza sahani, au maandishi yakakatika katikati.

Tena haipumziki. Ukitazama kipindi cha moja kwa moja na kubonyeza kitufe cha kusimamisha ili ukampokee mgeni, kisha ukaendelea pale ulipoishia, hilo linawezekana kwa sababu mashine ilikuwa ikinasa muda wote bila wewe kuiambia. Kwa hiyo diski hufanya kazi hata usiponasa kitu. Kifaa kinachofanya kazi hivyo, mwaka baada ya mwaka, lazima kichoke.

MASWALI YA KUULIZA DUKANI

Kwanza, jiulize mwenyewe: ninataka kunasa nini? Kama ni habari, mahubiri, vipindi vya watoto na vya mapishi, vya kutazama ndani ya wiki na kufuta, mashine hii inakufaa. Kama ni kumbukumbu za ukoo, soma mpaka mwisho kabla hujatoa fedha. Na kama una simu na bando la kutosha, kumbuka kwamba mahubiri na kwaya nyingi siku hizi hupatikana YouTube wakati wowote. Piga hesabu tu, kwa maana saa moja ya picha ya kawaida yaweza kumaliza kati ya nusu GB na GB 1. Kwa nyumba inayotazama kila siku, bando laweza kuwa ghali kuliko mashine.

Pili, ghala ni kubwa kiasi gani? Usikubali kuambiwa "ni kubwa sana, mama." Uliza ni GB ngapi. Kwa makadirio ya jikoni, saa moja ya picha ya kawaida huchukua kama GB 2, na ya picha angavu, yaani HD, kama GB 4. Diski ya GB 500 basi hubeba takriban saa 250 za kawaida au saa 125 za HD, na pungufu kidogo kwa kuwa mashine hujitengea sehemu yake. Nyumba inayonasa saa 2 za HD kila siku itaijaza katika miezi miwili. Uliza pia: ikijaa inafanya nini? Baadhi hukataa kunasa, na baadhi hufuta vya zamani zenyewe bila kukuuliza. Omba uonyeshwe namna ya kukifunga kipindi kisifutwe.

Tatu, je, inaweza kunasa kituo kimoja huku tukitazama kingine? Hapa wengi hudanganyika. Ili iweze, lazima iwe na vipokezi viwili ndani. Kama mnatumia dishi, mara nyingi huhitajika kichwa cha dishi chenye matundu mawili na nyaya mbili mpaka sebuleni. Gharama ya fundi na waya huwa haimo katika bei uliyotajiwa. Mashine yenye kipokezi kimoja italeta vita upya: ikiwa inanasa tamthilia, baba hatapata habari.

Nne, nikiacha kulipia mwezi, vipindi nilivyonasa vitafunguka? Katika ving'amuzi vingi vya kulipia, jibu ni hapana, au kunasa kwenyewe husimama. Usitegemee maneno. Mwambie muuzaji anase dakika tano mbele yako, kisha achomoe kadi na kujaribu kukifungua kipindi hicho. Dakika kumi za dukani zitakuonyesha kweli yote. Uliza pia kama unaweza kukihamisha kipindi kwenda kwenye flashi kikafunguka katika kompyuta. Akisema haiwezekani, mshukuru kwa ukweli wake, nawe ujue unachonunua.

Tano, je, kuna njia ya bei nafuu? Baadhi ya ving'amuzi vya kawaida vina tundu la flashi, na ukichomeka flashi au diski ya nje vinanasa. Flashi ya GB 32 itakupa takriban saa 16 za picha ya kawaida au saa 8 za HD. Kwa nyumba nyingi inatosha kabisa. Angalizo ni moja: mara ya kwanza king'amuzi chaweza kuomba kuiandaa flashi, na kuiandaa maana yake ni kufuta kila kilichomo. Usichomeke flashi yenye picha za ubatizo wa mtoto. Nunua mpya kwa kazi hiyo.

Sita, umeme. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Ikila wati 20 na ikaachwa usiku na mchana, itamaliza karibu yuniti 14 za LUKU kwa mwezi. Baadhi hula karibu kiasi kilekile hata mkidhani mmeizima kwa rimoti. Na kwa kuwa umeme wetu twaujua, panga fedha ya UPS ndogo itakayoishikilia kwa dakika chache ili uizime kwa utaratibu.

Sasa niruhusuni niseme nanyi kama mama kwa mama. Vile vitambaa vyetu vya kufuma, tunavyopendezesha navyo sebule, tuviondoe juu ya mashine hii. Ina matundu ya kupumua. Ukiifunika na kuweka chombo cha maua juu yake, unaipika. Mimi niliifunika miaka mitatu, tena kwa kitambaa kizuri cha rangi ya waridi, na sijui kama si mimi niliyeifupishia maisha.

VITU VISIVYOPASWA KUPOTEA

Yapo mambo ambayo hayatarudiwa kunaswa: sauti ya bibi, harusi yako, mtoto alipobatizwa. Haya yasikae mahali pamoja, hata pawe pazuri namna gani. Kanuni ninayoifuata sasa ni nakala tatu: moja katika kompyuta au diski ya nje nyumbani, moja katika kifaa kingine, na moja nje ya nyumba, kwa dada yako au kwa mtoto anayeishi mji mwingine. Mwizi akiingia au moto ukawaka, hautapata zote. Na flashi isiyotumika usiiamini kulala sandukuni miaka kumi, maana haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi hufungua nakala zetu mara moja kila mwaka, wakati wa Pasaka familia ikiwa pamoja, tukahakikisha zinacheza.

Kama bado una kanda za VHS kabatini, usichelewe. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki mpya, iliacha mwezi Julai 2016. Deki zilizobaki zinazeeka, na kanda nazo hushika ukungu, hasa kwetu kwenye joto na unyevu. Mtafute fundi mwenye deki nzima, azihamishe kanda zako kwenye diski, nawe ukae pale kanda ya kwanza ikichezwa, usimwachie furushi zima.

Na tukumbuke uaminifu. Kunasa kipindi ukitazame na familia yako ni jambo moja. Kunakili nyimbo za kwaya na kuziuza mtaani ni kula jasho la wengine, hata kama wimbo ni wa kumsifu Mungu.

RIMOTI ISHIKWE NA NANI?

Mashine hii ina hatari nyingine isiyoandikwa kwenye boksi. Zamani kipindi kilikwisha na watoto wakaenda kulala. Kwenye diski hakuna kinachokwisha, kuna saa 100 zinazosubiri, na mtoto akimaliza kipindi kimoja kingine kipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Nimeona kliniki watoto wanaonyamazishwa kwa picha tangu hawajaweza kukaa. Mama amechoka, namwelewa, nami nimechoka vilevile. Lakini mtoto hujifunza kusema kutoka katika mdomo wa mama yake.

Kwetu tuliketi, baba, mama na watoto, tukapanga: vipindi vitano tu vya watoto vikae kwenye orodha, na asiyefuta kimoja hanasi kingine. Ni ajabu jinsi wanavyojadiliana sasa kipi kinastahili. Mwenzangu, usiinunue mashine hii kabla hujazungumza na mwenzi wako juu ya matumizi yake. Mashine haitatuliza ugomvi ambao ninyi wawili hamjauzungumza.

JIBU KWA DADA YANGU

Basi mdogo wangu, uliniuliza ununue au uache. Kama ada za shule zimelipwa na akiba ya ugonjwa ipo, na unachotaka ni familia ile na kusali kwa wakati, nunua. Jaribu kwanza kile cha flashi, maana huenda kikakutosha. Lakini usinunue kwa sababu muuzaji amesema hutapoteza kitu. Bwana wetu alitufundisha, katika Luka 14, habari za mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla hajaanza kujenga mnara. Nasi tuhesabu, pamoja na waya, fundi, UPS na LUKU.

Mtauliza iliishaje kwetu. Siku ile kipindi kilipotoka, binti wa wifi yangu, mtoto wa miaka kumi na miwili wakati huo, alikuwa ameinua simu ya mama yake kuelekea televisheni. Picha inatikisika, kichwa cha mjomba kinaziba nusu ya kioo, na katikati mtu anasikika akiomba chumvi. Lakini alikuwa ameituma kwa binamu zake jioni ileile, na ilikuwa bado kwenye simu tatu. Ni dakika mbili tu. Mama mkwe anaanzisha wimbo, na wenzake wanamfuata.

Nakala nzuri iliyokaa mahali pamoja ilipotea, na ile mbovu iliyogawiwa imebaki. Sasa iko nyumbani kwetu, iko Dodoma kwa shemeji, na iko kwa yule binti, ambaye sasa anasoma chuo. Pasaka iliyopita tuliifungua. Mume wangu aliisikiliza mara mbili, kisha akaomba chumvi, na sote tukacheka.

Bwana akipenda, tukutane mwezi ujao. Mungu azibariki nyumba zenu.